Wakili mpya unafungua ofisi? Skana kwanza, laptopu ya nguvu baadaye

Wadogo zangu mnaotoka Law School na mnataka kujitegemea, naona wengi mnauliza laptopu gani kali, i7 au MacBook, mimi nasema hapo sio pa kuanzia kabisa. Kazi yetu ni kuandika, kusoma hukumu TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure ile, itumieni) na kufungua kesi kwenye e-CMS, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, na kwa hayo RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 inatosha sana. Ukichukua mtumba angalia prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, chini ya hapo Windows 11 haiikubali rasmi, na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia kawaida Oktoba 14, 2025. Alafu iwe Windows Pro sio Home, maana Pro unapata BitLocker yote, ile ya kufunga diski nzima kwa msimbo, laptopu ikiibiwa kwenye daladala mwizi anabaki na chuma tu, mafaili ya wateja hayasomeki.

Sasa skana. Kiapo lazima mteja asaini mbele ya kamishna wa viapo, mhuri ugongwe, kwa hiyo unaprinti, mnasaini, unaskani, ndo unapandisha PDF. Kesi moja ya ardhi yenye viambatanisho inaweza kuwa kurasa mia na kitu, ukiwa na skana ya kioo unafunua moja moja mpaka usiku na kesho ndo siku ya mwisho, na ukiskani kwa kamera ya simu kurasa zinatoka na vivuli alafu faili linakuwa zito. Nunua inayovuta karatasi yenyewe pande zote mbili. Printa chukua leza nyeusi tu, za wino ukikaa bila kuprinti wino unakauka.

Na tafadhali, acheni kupeleka faili la mteja stesheneri kwenye flashi. Kopi inabaki kwenye ile mashine, virusi vinarudi na wewe ofisini, na siri ya mteja ndo imeshaondoka hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023 na inatuhusu sisi pia, ofisi ya mtu mmoja haina msamaha.

Microsoft Office ya kukraki (ya wizi, isiyolipiwa) msiweke, ndo mlango wenyewe wa virusi. Hela hamna, LibreOffice inafanya kazi kama Office na ni bure, ila namba za aya zinaweza kuhama ukimtumia mwenzako anayetumia Word, kwa hiyo tuma PDF.

Bakapu ziwe mbili, diski ya nje inayokaa mbali na ofisi na nyingine mtandaoni, na mara moja moja jaribu kurudisha faili uone kama kweli linafunguka.

Zile programu za kuendesha ofisi za kulipia kila mwezi bado hamzihitaji mkiwa na kesi chache, folda zilizopangwa kwa mwaka na jina la mteja zinatosha, pamoja na kalenda inayokukumbusha mapema. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani kwenye madai ni siku 30 tangu uamuzi, weka kumbusho siku hiyohiyo hukumu inasomwa, ukiwa bado hapo kortini. Siku mkifika pa kulipia programu, muulizeni muuzaji kwanza nikiacha kulipa mafaili yangu nayatoaje, asipojibu vizuri mwacheni.