Aliinuka, Nikadhani Yamekwisha

Mwanangu ana miaka 13. Jumamosi moja, kwenye kiwanja cha mtaani kwetu Pasua, Moshi, aligongana kichwa na mwenzake wakigombea mpira wa juu. Alianguka, akainuka. Kocha akammwagia maji kichwani, akamrudisha mchezoni. Nami nilikuwa pembeni nikipiga makofi.

Jioni aliniuliza mara tatu kama mechi imekwisha. Chakula kilimshinda, taa ya sebuleni ikawa inamuumiza macho. Tukakimbilia hospitali. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo, na kwamba wengi wanaoupata hawazimii kabisa. Niliomba apigwe picha ya CT ya kichwa, akanieleza kuwa picha hiyo hutafuta damu au mfupa uliovunjika. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani.

Bibi yake alitaka tumkeshee asisinzie. Daktari, akiwa ameshampima, alisema mwacheni alale, mumchungulie tu. Ila akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, au asiamshike, msingoje kuche. Ukiwa Moshi nenda hospitali ya KCMC, Arusha nenda hospitali ya Mount Meru.

Siku 2 za kwanza alipumzika bila simu wala runinga, lakini hatukumfungia gizani. Tulitembea taratibu hadi dukani na kurudi.

Kazi ilikuwa shule. Jeraha hili halina bandeji, kwa hiyo watu huona mtoto anadeka. Wangu alisoma ukurasa mmoja mara nne bila kushika kitu, na kijana yule mpole akawa anamfokea dada yake kwa jambo dogo. Nilimwendea mwalimu wa darasa, nikaomba asome nusu siku na mtihani usubiri. Mzazi mwenzangu, omba hivyo bila aibu. Na tuisheni isimame kwanza.

Mpira ulirudi mwisho, baada ya masomo kukaa sawa: kutembea, kukimbia, kisha mazoezi yasiyo na kugongana, kila hatua siku nzima au zaidi. Kichwa kikiuma, tunarudi nyuma. Wengi hupona ndani ya wiki 4. Pigo la pili kabla ya kupona laweza kuvimbisha ubongo na kuua. Ni nadra, lakini sikuwa tayari kujaribu.

Kabla hajarudi nilizungumza na kocha. Tulikubaliana: akigonga kichwa na kuonekana na wenge anatoka, na harudi siku hiyo, hata iwe fainali.