Mama ameacha amiodaroni wiki tatu sasa. Imeshatoka mwilini?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 67. Kwa miaka miwili alikuwa anameza amiodaroni ya miligramu 200 kila siku kwa ajili ya mapigo ya moyo yanayorukaruka. Wiki tatu zilizopita daktari aliisimamisha kwa sababu ya tezi ya thairoidi. Leo asubuhi amekutwa na malaria, duka la dawa wametupa mseto, lakini kijikaratasi cha ndani kinatahadharisha kuhusu dawa za mapigo ya moyo. Hajaanza kumeza. Si ameshaacha? Shangazi naye anasema anywe maji mengi na maziwa ili dawa itoke haraka. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Nianze na la haraka: wiki tatu hazitoshi, na umefanya jambo la maana kusoma kile kijikaratasi. Mpeleke mama hospitali leo hii, si kesho, ukiwa na boksi la mseto na daftari lake la kliniki. Malaria kwa mtu wa umri wake haingoji, kwa hiyo sikuambii muache kutibu. Ninachosema ni kwamba dawa ya kumtibu achaguliwe na daktari anayejua kuwa amiodaroni bado imo, tena baada ya kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Lumefantrini iliyo ndani ya mseto inaweza kurefusha muda ambao moyo unautumia kujiandaa kwa pigo linalofuata. Amiodaroni nayo hufanya hivyohivyo. Zikikutana, mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Na msikimbilie kwinini mkidhani ndiyo salama, maana nayo ina tabia hiyohiyo. Kama anatapika au anaharisha mwambieni daktari, kwa sababu potasiamu ikishuka mwilini hatari inaongezeka.

Sasa kwa nini dawa iliyoachwa wiki tatu bado inahesabika kuwa imo?

Sisi wafamasia hupima kukaa kwa dawa kwa muda wa nusu, yaani muda ambao kiasi kilichomo hupungua hadi nusu yake. Adenosini, ambayo nayo ni dawa ya mapigo na huchomwa kwenye mshipa hospitalini, muda wake wa nusu haufiki hata sekunde 10. Propranololi ni saa 3 hadi 6. Digoksini ni kama siku moja na nusu hadi mbili kwa mwenye figo nzima. Amiodaroni? Wastani wake ni siku 58, na kati ya mtu na mtu inatofautiana kuanzia siku 15 hadi 142.

Fanya hesabu kwa huo wastani. Siku ya 58 imebaki nusu, siku ya 116 robo, siku ya 174 sehemu moja ya nane. Hadi tuseme kwa vitendo kwamba imekwisha, vinahitajika vipindi vitano hivi, yaani siku 290, miezi tisa na ushee. Mwenye bahati ya siku 15 anamaliza kwa miezi miwili na nusu. Wa siku 142 anakaribia miaka miwili. Mama yako yupo siku ya 21. Kwa wastani huo, zaidi ya robo tatu ya akiba yake bado ipo.

Nimesema akiba kwa makusudi. Dawa hii hupenda mafuta. Ukitia chumvi kwenye kibuyu, ukikisuuza mara mbili imekwenda. Kitie samli mwaka mzima, halafu jaribu kukisuuza kwa maji! Amiodaroni hujipenyeza kwenye mafuta ya mwili, ini, mapafu, ngozi, hata kioo cha jicho, na kutoka huko hurudi kwenye damu kidogokidogo. Kiwango cha damuni hushuka upesi siku za mwanzo baada ya kuacha, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Kuhusu ushauri wa shangazi, maji anywe, ana homa na anayahitaji. Maziwa pia hayamdhuru. Ila amiodaroni haitoki kwa mkojo isipokuwa kiasi kisichohesabika. Ini ndilo linaloivunja na kuitoa kupitia nyongo. Hata mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo haiiondoi. Na hizo dawa za chupa za "kusafisha mwili" sitaki hata kuzisikia, maana zinaliongezea ini kazi bure.

Tezi nayo ina hadithi yake. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina kama miligramu 75 za madini joto, na kila siku huachia takriban 6 kati ya hizo, wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu. Ni mara 40. Kwa hiyo vipimo vya tezi viendelee hata baada ya kuacha, hadi kama mwaka mmoja. Kikohozi kikavu au pumzi kubana visichukuliwe kuwa mafua tu, kwani mapafu nayo huguswa. Kuzimia, au mapigo chini ya 50 kwa dakika, ni safari ya hospitali moja kwa moja.

Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kifanyike mara kwa mara katika miezi hii. Amiodaroni huipa nguvu zaidi, na kadiri inavyotoka, dozi ya warfarini iliyopunguzwa zamani inaweza kuwa ndogo mno. Msibadilishe wenyewe.

Kwenye jalada la daftari lake andikeni kwa kalamu nzito: "Amiodaroni miligramu 200, miaka miwili," na tarehe aliyoacha. Akiulizwa dirishani anatumia dawa gani, kwa mwaka huu ajibu kama vile bado anaimeza.

Vidonge vilivyobaki vipelekeni kwa mfamasia. Najua yupo jirani ambaye "moyo wake nao unakwenda mbio". Asipewe.