Dar hadi Pangani kwa gari: tazama mwezi kabla ya ramani

Mara ya kwanza tulipopanga kwenda Pangani kupitia hifadhi ya Saadani, mimi na mke wangu tulikaa na ramani tukahesabu kilomita. Kwa hesabu hiyo siku tatu zilitosha. Tukafika Ushongo, kijiji cha ufukweni karibu na Pangani, jioni, na kesho yake saa nane mchana tukamwomba nahodha mmoja mzee atupeleke kisiwa cha Maziwe. Akatazama bahari, akasema: "Mwanangu, ungeuliza mwezi kwanza."

Maziwe ni fungu la mchanga. Zamani lilikuwa na mivinje na kasa wakitaga chini yake. Miti ilipotoweka mchanga ukaliwa na mawimbi, na sasa maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Siku ile ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yalikuwa yanapanda. Hatukuona kisiwa, na asubuhi yake ilitubidi tuondoke. Watoto walisikitika sana, nami niliumia kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo napanga kuanzia mwisho. Nachagua siku ya Maziwe kwanza: karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maana siku za bamvua huku kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mkitoka Ushongo saa mbili na nusu mnaukuta mchanga mweupe uko wazi, na matumbawe yapo kwenye maji ya kina kifupi hata kwa mtoto anayejifunza kuogelea. Kisha narudi nyuma: usiku mmoja Ushongo kabla ya siku hiyo, usiku mbili Saadani, mmoja Bagamoyo. Msipunguze zile mbili za Saadani.

Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi, na watu wengi huenda wakitarajia kumwona simba ufukweni. Simba wapo, ila msiwaahidi watoto. Waahidini twiga, kuro, ngiri, na mkipata bahati tembo. Waahidini pia mto Wami: asubuhi mapema kwa boti, viboko wakipumua karibu yenu, mamba wamelala kwenye tope, mbega juu ya miti. Kwangu mimi saa mbili za Wami zinapita mizunguko yote ya gari, na ndiyo sababu nataka usiku wa pili: asubuhi moja ya mto, nyingine ya nyika.

Masika msiende. Udongo mweusi wa kule ukilowa hushika tairi kama ulimbo, hata gari la kuvuta magurudumu manne linalala pale pale. Mimi napenda Julai hadi Septemba, ingawa upepo wa kusi huchafua bahari baadhi ya siku. Ulizeni hali ya njia siku mbili kabla ya kuondoka, maana barabara ya pwani imekuwa kwenye ujenzi na michepuko hubadilika. Jazeni mafuta Bagamoyo, na jeki ijaribiwe nyumbani, si porini. Ada ya hifadhi hailipwi kwa noti, hivyo hakikisheni kadi au simu ina fedha.

Ushongo uko kusini ya mto Pangani, kwa hiyo mkitokea Saadani mnaufikia kabla ya kivuko. Mkivuka kwenda mjini Pangani, jifungeni kanga juu ya nguo za kuogelea. Ni mji wa watu wa ibada.

Ulizeni pia kama kuna viota vya kasa vinavyokaribia kuanguliwa. Watu wa Ushongo huyahamisha mayai kutoka Maziwe ili yasizame. Juni iliyopita tulisimama pale jua likishuka, vitoto vikatoka mchangani kimoja kimoja na kuelekea baharini. Binti yangu alivihesabu kwa sauti mpaka akafika sabini na mbili, kisha akanyamaza, akanishika mkono.