Kunguni 60 wa Kitanda Kimoja

Juma lililopita mwanafunzi mgeni aliniwekea mezani vichupa 48 vya kunguni kwa fahari ya mtu aliyerudi na mawindo, na nilipomwuliza wametoka nyumba ngapi, akajibu: "Moja tu, Dokta, lakini walikuwa wengi!" Nilicheka, kisha nikaona heri niwaandikie wanaokusanya kunguni kwa uchunguzi wa jeni, kwa sababu somo hili hunirudia kila mwaka.

1. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi inayotiwa ndani ya kichupa, kwani ethanoli, ile pombe ya kuhifadhia wadudu, hufuta wino.

2. Hesabu nyumba, usihesabu kunguni. Nilipoanza kazi, nilikusanya kunguni 60 katika chumba kimoja cha Mathare, mtaa wa Nairobi, tena kwenye kitanda kimoja, kwa kuwa mwenye chumba, mama aliyenipa chai na kuniita mwanangu, aliinua godoro nami nikaona hazina. Nilitoa DNA, nikaendesha PCR (kunakili vipande vya DNA) za mikrosateliti, yaani vipande vinavyojirudia na kuonyesha undugu, kwa majuma mengi, nikamaliza vitendanishi (kemikali za maabara) vya mradi mzima, kisha nikaandika bila haya kwamba kunguni wa Mathare wanafanana mno kijenetiki kwa kuwa Barabara ya Juja na ya Thika zimewatenga na wenzao. Msimamizi wangu alisoma ukurasa mmoja, akauliza kwa upole: "Hawa si ndugu?" Walikuwa ndugu. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kukijaza chumba, jambo ambalo utafiti wa mwaka 2012 katika majengo ya ghorofa ya mashariki mwa Marekani ulikuwa umelionyesha, nami nilikuwa nimepima ukoo mmoja mara 60 nikauita mtaa. Nikarudi kuomba kunguni mlango kwa mlango, mmoja mmoja kila nyumba, na yule mama akataka kujua kama wale wa kwanza niliwala.

3. Tambua spishi kabla ya kutafuta usugu dhidi ya dawa za wadudu. Mabadiliko ya jeni yanayoleta usugu, V419L na L925I, yalifahamika kwanza kwa Cimex lectularius, kunguni wa kawaida, ilhali kwa Cimex hemipterus, kunguni wa nchi za joto kama yetu, tunaangalia hasa badiliko jingine, L1014F. Ukikosea hapo, utamhakikishia mwenye ploti kwamba dawa za pairethroidi, hao binamu wa kiwandani wa pareto yetu, bado zinaua, naye atapulizia bure.

4. Toa DNA miguuni, kwani tumbo limejaa damu ya mwenye kitanda. Mwenzangu mmoja alipuuza hilo, na mfuatano wake wa kwanza wa DNA ukalingana barabara na wa binadamu.