Shangazi yako analala saa ngapi?

Mwanangu,

Umeuliza kama umchukue bibi ukae naye huko Dar, shangazi yako apumzike. Ungeniuliza kwanza shangazi analala saa ngapi. Nimeshasema mpaka mmenichoka: mgonjwa wa kusahau anauguzwa na mtu aliyelala.

Kinachommaliza shangazi si kuogesha wala kulisha. Ni usiku. Bibi akisinzia mkekani mchana kutwa, saa nane usiku yuko macho, anatafuta ng'ombe tuliouza zamani. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na asubuhi akae juani. Maji na chai anywe ya kutosha, ila mengi yaishe kabla ya saa kumi na moja jioni. Mchana apelekwe chooni kila baada ya saa mbili, hata akisema hana haja. Taa iwashwe kabla giza halijaingia, maana vivuli vinamtisha. Na hizo Piriton, vidonge vya mafua na mzio, mnazompa "za kumlalisha" acheni: wazee zinawachanganya zaidi, na mkojo unaweza kuziba. Akibadilika ghafla kwa siku mbili tatu, msiseme kusahau kumezidi. Mpimeni mkojo na malaria, mwangalie kama anapata choo.

Kumwinua nako, asimvute mikono. Bibi asogee ukingoni mwa kiti, miguu irudi nyuma ya magoti, ainame mbele, ndipo asukumwe juu. Mgongo wa shangazi umeharibikia hapo.

Komeo la mlango libaki juu, macho ya bibi hayafiki huko. Tuliliweka baada ya ule usiku bibi alipokutwa stendi na kanga moja, watu wameshaanza kunong'ona uchawi. Kwenye kikao tukamuuliza shangazi, "Ulikuwa wapi?" Alikuwa amelala, baada ya kukesha siku tatu. Tulihesabu pampasi, tukahesabu unga wa lishe. Usiku wake hakuna aliyeuhesabu. Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Sasa la Dar. Nyumba ngeni itampoteza zaidi, choo atakitafuta kabatini. Na wewe uko ghorofa ya tatu, kazini unatoka alfajiri. Lakini mimi ni nani nimwambie shangazi aendelee? Tena kati yenu wote ni wewe tu uliyeuliza. Ninalo la kusema, linaniwasha ulimi, ila sisemi. Njoo Ijumaa, ulale chumbani kwa bibi siku mbili, wewe ndiye uamke. Shangazi atalala kwangu.

Beba tochi, umeme unakatika.

Baba