Aprili Uingereza: tazameni chini kwanza

Dada, umeuliza uwaonyeshe watoto nini huko Uingereza Aprili hii bila kwenda mbali. Anzeni na kijimsitu chochote cha karibu. Bluebell, yale maua ya buluu ya msituni, huwahi kuchanua kabla majani ya miti hayajajaa na kuzuia jua, kwa hiyo mwisho wa Aprili ndio wenyewe. Msiyakanyage tu, huchukua miaka kurudi. Halafu mtafuteni yule nyuki mnene mwenye manyoya, anayeruka chinichini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Huyo ni malkia. Baridi yote alilala ardhini, sasa anatafuta shimo la kutagia. Hana habari na nyinyi. Mbayuwayu nao ndio wanarudi, wengi kutoka Afrika Kusini. Na vaeni mabuti, tope bado lipo!