Fundi anajibu: acheni kuminya temino za kike na plaizi

Wiki hii maswali yote ni ya temino za kuchomeka, vile vichuma vya kuunganishia ncha za waya, zile bapa, kiume ni kile kiulimi kilicholala na kike ndo kile chenye kingo zilizokunjwa kinachokivaa. Wengi walioandika ni bodaboda, watu wa sola na wenye mashine. Na karibu nusu yenu swali ni moja mmeligeuzageuza tu maneno, "fundi kimelegea, nikibane na plaizi?" Usikibane. Kitupe, weka kipya. Nimemaliza, mwakani mkiuliza tena ntawaambia hivyohivyo. Na wale mnaocheka kila nikiandika kike na kiume, chekeni mmalize turudi kazini.

Bodaboda, Nkuhungu: Fundi habari, soketi ya rektifaya ya pikipiki yangu, kile kifaa kinachonyoosha umeme wa kuchaji betri, inayeyuka plastiki, nimeshabadilisha mara mbili. Fyuzi haikatiki kabisa. Niliweka fyuzi ya ampea 30 badala ya 15 ili isisumbue, inaweza kuwa ndo tatizo?

Salama kaka. Fyuzi ya 30 ni tatizo lingine kabisa, irudishe ile 15 leo kabla hujamaliza kusoma. Fyuzi inalinda waya, umeweka 30 maana yake siku waya ukigusa bodi utaanza kuungua wenyewe huku fyuzi inaangalia tu, na tanki la petroli liko palepale juu.

Sasa kwanini soketi inayeyuka na fyuzi haikatiki? Kwa sababu fyuzi inahesabu ampea, haijui joto la pale kwenye maungio. Chukua ampea 10. Kike kizima kina ukinzani, yaani kile kinachozuia umeme kupita, kama miliomu 1 hivi, ndo omu 0.001, piga 10 mara 10 mara 0.001, unapata wati 0.1, hamna kitu, hata ukigusa hujui. Kikilegea ukinzani ukapanda ukafika miliomu 50, ampea ni zilezile 10 lakini pale pana wati 5. Wati 5 ni taa ya LED ya chumbani, sasa hiyo yote iweke kama joto ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, afu kifunike na plastiki. Lazima iyeyuke. Na ubaya wake ukishaanza haurudi nyuma, joto linalegeza springi ya kike, springi ikilegea ukinzani unapanda, joto linazidi, hivyohivyo mpaka unanusa.

Umebadilisha plastiki mara mbili, je ulibadilisha na temino za ndani? Naona kabisa ulitoa zilezile nyeusi ukazipachika kwenye nyumba mpya. Badilisha kike, na kiume chake kikague, kama kimebadilika rangi kimekuwa cha zambarau au cheusi nacho kiende.

Mwanafunzi wa umeme, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Kwanini kike kimekunjwa kingo namna ile, kwani wasingetengeneza kibomba bapa tu kiume kikaingia kikakaa?

Marahaba mwanangu. Hili ndo swali lililonifurahisha wiki nzima, wengine wote mnauliza mnunue wapi.

Kibomba kigumu kingekuwa na hali mbili tu, ama kiume hakiingii ama kinaingia kinacheza. Hakuna katikati, maana hakina cha kujongea. Ile kingo iliyokunjwa kurudi ndani ni springi. Kiume cha kawaida kabisa kina upana wa 6.3 mm na unene wa 0.8 mm, kinapoingia kinakaa juu ya sakafu ya kike na zile kingo mbili zinakikandamiza kutoka juu, moja kila upande, zinanyanyuka kidogo sana na zinataka kurudi. Hilo la kutaka kurudi ndo umeme wako wote. Lingine lote ni mapambo.

Watu wanadhani umeme unapita kwenye uso mzima wa chuma ukigusana na chuma. Haupiti hivyo. Ukitazama kwa karibu sana nyuso zote zina vilima na mabonde, zinagusana kwenye vidoti vichache tu, na kinachoongeza hivyo vidoti ni mkandamizo. Ndo maana kike kidogo kilichobana kinapitisha vizuri kuliko kike kikubwa kinachoninginia.

Afu angalia sakafuni utaona kichunusi kidogo. Na kwenye kiume kuna kitundu. Vikikutana unasikia tiki. Usiposikia au kuhisi tiki hujamaliza kuchomeka, na mafundi wengi wanaishia nusu wanasema imeingia. Mlango wa kike pia umepanuliwa kidogo ili kiume kisikwame, na wakati kinaingia kinajisugua, ule ukungu wa juu ya bati unavunjika unapata chuma safi. Kwa hiyo ukikuta muungano umefifia, kabla hujafanya chochote chomoa chomeka mara mbili tatu, mara nyingi unarudi. Ila usifanye ndo mchezo, kila ukichomoa springi inapungua.

Malighafi: vingi ni brasi iliyopakwa bati. Vizuri zaidi ni bronzi ya fosforasi, hiyo springi yake inachelewa kuchoka. Vya chuma kilichopakwa nikeli ni vya sehemu za joto, nakuja huko kwenye swali la pasi.

Sasa rudi kwenye plaizi uone dhambi yenyewe. Ukiminya na plaizi unaipinda ile kingo kupita pale inapoweza kurudi, haitaki tena kurudi, imekubali. Inagusa kwenye ncha moja tu, siku mbili unasema "nimebana mbona inacheza tena". Ukiminya zaidi brasi inapata ufa. Mi mwenyewe nimeminya, sitajifanya malaika, usiku barabara ya Mtera taa zimezima hauna kitu ungefanyaje. Unachukua plaizi ya mdomo mwembamba unagusa kila kingo kidogokidogo, unafika nyumbani, asubuhi unakata unaweka kipya. Hiyo ni dharura. Wengine mmeifanya ndo ufundi.

Kizota: Kike cha 4.8 kinaingia kwenye kiume cha 6.3?

Hakiingii.

Mwenye steshenari, Chang'ombe: Nilinunua betri mpya ya UPS, kile kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, volti 12 Ah 7, inafanana kila kitu na ya zamani ila vile viulimi vyake ni vyembamba, nikachomeka vike vya zamani vikaingia vimelegea nikaviminya. Iko sawa?

Unajua jibu mama, ndo maana umeuliza. Hizo betri zinakuja na ncha za aina mbili, F1 ina upana kama 4.8 mm na F2 kama 6.3 mm. UPS yako ilikuwa na vike vya 6.3 kwa sababu inavuta umeme mwingi, piga hesabu mwenyewe, kompyuta na printa ndogo tuseme wati 240, kwenye volti 12 ni ampea 20, bado ile inayopotea kwenye inveta, ile sehemu inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Ampea 20 kwenye kike kilichominywa kinachogusa pembe moja! Irudishe dukani ubadilishiwe F2. Wakikataa weka vike vya 4.8 vipya ila usiipe mzigo mkubwa, na gusa baada ya dakika tano uone kama kuna joto. Ukienda kununua beba ile ya zamani, acheni kununua betri kwa kusema "nipe ya UPS".

Area C: Kuchoma risasi na kukrimpa kipi bora? Mi naona risasi inashika zaidi.

Hili nimelijibu sijui mara ngapi. Kukrimpa, yaani kuubana waya ndani ya kike badala ya kuuyeyushia risasi ya kuunganishia. Haya twende tena.

Ukikrimpa vizuri zile nyuzi za kopa zinabanwa mpaka zinakuwa kama kitu kimoja, hewa haina pa kukaa, kutu haina pa kuanzia. Kike kina mabawa ya jozi mbili, jozi ya mbele inabana kopa tupu, ya nyuma inabana mpira wa waya. Ya nyuma haipitishi umeme hata kidogo, kazi yake ni kupokea mtikisiko ili nyuzi zisikatike. Na ndo hiyo mafundi wa kitaa wanaikata eti inasumbua kuingia kwenye plastiki.

Risasi inapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, inaenda sentimita moja mbili, pale waya unakuwa mgumu kama msumari. Mwisho wa ugumu na mwanzo wa ulaini ndo panapokatikia kwenye pikipiki au mashine inayotikisika. Zamani nilikuwa nachoma risasi kila kitu najiona fundi, mpaka lori la jamaa likakatika waya wa taa kati ya Manyoni na Bahi, palepale mwisho wa risasi yangu, nikalipia mimi. Pia usipake nyuzi risasi kwanza afu ndo ukrimpe. Risasi ni laini, inajongea polepole chini ya mkandamizo, baada ya miezi umelegea tena.

Na kukrimpa ni kwa krimpa. Sio plaizi, sio nyundo, sio meno. Ile krimpa ya meno ya kukatika ambayo haifunguki mpaka imalize kubana ni bei kidogo lakini unanunua mara moja. Ukimaliza vuta waya kwa nguvu ya mkono, ukitoka ulikuwa hujakrimpa.

Ihumwa: Vike vya plastiki nyekundu naweka chanya, vya bluu naweka hasi, za njano za nini?

Subhanallah. Rangi hizo sio chanya na hasi, ni unene wa waya! Nyekundu ni waya wa 0.5 hadi 1.5 mm za mraba, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Maana yake hasi zako zote umeweka kike kikubwa kwenye waya uleule mwembamba na hakijabana kitu. Nenda kavute kimoja kimoja, vitatoka mkononi. Nenda sasa hivi.

Mwenye mashine ya kupukuchua mahindi, Kibaigwa: Vumbi la huku unalijua fundi. Nikisugua temino na msasa nikapaka mafuta ya kujipaka inasaidia?

Msasa hapana. Ile rangi nyeupe juu ni bati, ndo inayolinda brasi, ukisugua msasa umeivua nguo. Baada ya masika utaikuta kijani.

Kingine kwenye injini ya dizeli sio vumbi tu, ni mtikisiko. Kiume na kike vinasuguana kidogo sana, huoni kwa macho, kila msuguano unatoa unga wa bati ulioungua, ule mweusi, unajaa kati unazuia umeme. Kwa hiyo kwanza funga waya karibu na temino, sentimita chache tu kutoka pale, usining'inie. Hilo litakusaidia kuliko mafuta yoyote. Mafuta ya kujipaka ni bora kuliko kukaa bure, yanazuia maji na hewa, ila karibu na injini yanayeyuka yanachuruzika na vumbi linanata. Ile grisi ya silikoni inavumilia joto. Paka kidogo tu, afu vika mpira.

Kondoa, dada wa sola: Fundi aliyetufungia ameweka kiume upande wa betri na kike upande wa taa. Jirani anasema amekosea, kuna tofauti?

Jirani yako ana akili. Upande wenye moto muda wote unavaa kike, tena kile chenye kava mpaka mwisho. Betri haizimwi dada. Ukichomoa pale, kile kiulimi kiko wazi na kina moto, kikigusa bati au waya wa hasi ni shoti, na shoti ya betri ya Ah 100 inayeyusha chuma mbele ya macho yako. Mwambie arudi abadilishe, na kama hakuweka fyuzi karibu na betri aweke safari hiyohiyo, asikudai nauli.

Majengo, nafua na kunyoosha nguo: Pasi ilikatika kike ndani, kijana akaweka kipya kile cheupe cha kawaida, wiki mbili kimekuwa cheusi kimelegea.

Pole sana mama. Hicho cheupe ni brasi ya bati. Bati linayeyuka kwenye nyuzijoto 232 za Selsiasi, na springi ya brasi inakata tamaa mapema zaidi ya hapo. Ndani ya pasi kinatakiwa kile cha chuma kilichopakwa nikeli, na waya wake uwe wa kuvumilia joto, sio ule wa mpira wa kawaida. Achana na kijana huyo. Pasi ni volti 230 sio pikipiki, waya ukichomoka ndani ukagusa bodi unanyoosha nguo umeshika umeme. Hakikisha ule waya wa ardhi umerudishwa pia, wengi wakishafungua wanauacha.

Mpwapwa: Naomba unielekeze duka la temino orijino hapo mjini.

Sitaji maduka. Nenda na sumaku. Kike cha kawaida kikinatwa na sumaku ni bati la debe limepakwa, kiache. Isipokuwa hicho cha pasi, chenyewe ni chuma kitanata na ni halali yake.

Hombolo: Kinagoma kuchomoka, nikivuta waya unakatika.

Shika kike usishike waya. Na kama kina kile kiulimi cha kufungia, kibonyeze kwanza.